Mto Tijuana: majitaka yanayopandishwa kilima kwa pampu na kushuka yenyewe hadi Marekani

Mwanzisha uzi (San Diego)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu. Naishi kusini kabisa mwa San Diego, jimbo la California, mahali ambapo ukipanda kilima kidogo unaziona nyumba za Tijuana zilivyobanana upande wa pili wa uzio wa mpaka. Kila nikirudi nyumbani kwa likizo huulizwa swali lile lile: imekuwaje nchi yenye fedha kama Marekani ishindwe kuzuia kinyesi kisifike ufukweni kwake? Majibu mawili ndiyo yanayotembea sana. La kwanza husema Wameksiko hawajali usafi. La pili husema serikali ya Marekani haiwajali wakazi wa mji mdogo wenye kipato cha kawaida. Ukweli kidogo umo ndani ya kila moja, lakini yote mawili yanaruka mambo ya msingi, ambayo ni mteremko wa ardhi na swali la nani anagharimia matengenezo ya pampu. Nimeona niandike kwa kirefu ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku.

Bonde la Mto Tijuana lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 4,500, na robo tatu ya eneo hilo iko Meksiko. Mto unapita katikati ya jiji la Tijuana ndani ya mfereji mpana wa zege, unavuka mpaka jirani na San Ysidro, kisha unapita kilomita chache tu za ardhi ya Marekani, kwenye mashamba na vinamasi, kabla ya kumwagika katika Bahari ya Pasifiki kando ya mji wa Imperial Beach. Kwa hiyo jiji lenye watu karibu milioni 2 limekaa juu, na mji wenye watu kama 26,000 umekaa chini yake.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba mto huu kwa asili ni wa msimu. Wakati wa kiangazi ulipaswa kuwa mchanga mkavu, kama makorongo yetu ya Dodoma. Maji yanayoonekana humo mwezi wa Agosti si ya mvua wala ya chemchemi. Chanzo kikuu cha maji ya Tijuana ni Mto Colorado, ambao maji yake huvutwa kwa bomba na kuvushwa milima hadi jijini. Watu wakishayanywa, wakayapikia, wakayafulia na kuyashusha chooni, sehemu yake hupotea njia na kuishia mtoni. Kwa maneno mengine, mto wa kiangazi ni bomba la majitaka lisilo na kifuniko.

Ili majitaka yasiufuate mteremko, Tijuana inalazimika kuyakamata kabla ya mpaka na kuyasukuma kinyume na maumbile, yapande vilima hadi pwani ya Punta Bandera, kama kilomita 10 kusini ya mpaka. Kuna kituo kiitwacho PB-CILA, kilichojengwa hatua chache kutoka kwenye mstari wa mpaka, ambacho kazi yake ni kuukinga mto wenyewe siku za kiangazi na kuurudisha kwenye mfumo wa mabomba. Sasa fikirieni. Umeme ukikatika, pampu ikimeza matambara na mchanga, au bomba kuu likipasuka, hakuna mtu anayehitaji kufungua koki yoyote, kwa kuwa maji yanarudi yenyewe kwenye njia yake ya zamani. Na mvua ikinyesha, kituo hicho huzimwa kwa makusudi, kwa kuwa hakikujengwa kuhimili mafuriko. Siku hizo mto wote hupita pamoja na kila ulichokibeba: kinyesi, mafuta, kemikali za viwandani, matairi, chupa za plastiki na udongo wa vilimani.

Hali haikuwa hivi zamani. Mwaka 1950 Tijuana haikuwa na watu zaidi ya 70,000. Kuanzia 1965 serikali ya Meksiko iliruhusu viwanda vya kuunganisha bidhaa za kuuzwa nje, vile vinavyoitwa maquiladora, vijengwe mpakani, na watu wakamiminika kutoka kila jimbo kutafuta kazi. Wengi walijenga kwenye makorongo, mahali ambapo mabomba ya majitaka hayajafika. Korongo la Los Laureles ni mfano: upande wa Meksiko ni mtaa wa wafanyakazi, na upande wa Marekani linaitwa Goat Canyon na linaangukia moja kwa moja kwenye hifadhi ya vinamasi. Bidhaa zinazotoka katika viwanda hivyo zinauzwa Marekani, na hili tulikumbuke kabla ya kusema nani mchafu.

Mwaka 1944 nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa maji, na ndani yake, kwenye ibara ya 3, zilikubaliana kuyapa kipaumbele matatizo yote ya usafi wa mpakani. Tume ya Kimataifa ya Mipaka na Maji, yenye upande wa Marekani na upande wa Meksiko, ndiyo iliyokabidhiwa kazi hiyo. Kupitia makubaliano yake namba 283 ya mwaka 1990, ulijengwa upande wa Marekani mtambo wa kusafisha majitaka ya Tijuana, uitwao South Bay, ambao ulianza kazi 1997. Msome tena: mtambo uko Marekani, unaendeshwa kwa mamlaka ya Marekani, na majitaka unayosafisha ni ya Meksiko. Mwaka 1999 likakamilika bomba la kupeleka maji yaliyosafishwa baharini, kilomita zaidi ya 5 kutoka ufukweni. Hatua ya pili ya usafishaji, ile inayotumia vijidudu kula uchafu ulioyeyuka, haikuongezwa hadi takriban 2011. Uwezo wake ulikuwa galoni milioni 25 kwa siku, sawa na lita milioni 95. Jiji lilikuwa limeshaupita uwezo huo.

Hapo ndipo kwenye kiini cha hoja yangu. Serikali zote mbili zinapenda kujenga, na hazipendi kutunza. Mtambo wa Punta Bandera, unaojulikana pia kama San Antonio de los Buenos, ulijengwa 1987 kwa mfumo wa mabwawa. Miaka ikapita, mabwawa yakajaa tope, mashine zikafa, na ukawa mahali ambapo majitaka yanapita tu na kumwagwa ufukweni karibu yalivyokuja. Mtambo wa Marekani nao, ambao sisi huku tulizoea kuuonyesha kama mfano wa uwajibikaji, ulizeeka vibaya. Mafuriko ya dhoruba ya Hilary, Agosti 2023, yaliuzidia, pampu zikaharibika, na kwa muda mrefu mtambo ukawa unatoa maji yasiyofikia viwango vya kibali chake chenyewe. Rais alipoliomba Bunge dola milioni 310 za nyongeza mwezi Oktoba mwaka huo, ilikuwa ni kwa sababu fedha zilizotengwa awali kwa ajili ya kuupanua zilikuwa zikielekea kumezwa na ukarabati wa kile kilichokuwepo tayari.

Nakaribisha maswali.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Ndugu, nashukuru kwa uzi wenye hoja. Hapo kwenye kuzima kituo siku ya mvua umenikumbusha kwetu mabondeni, ambako mvua ikianza kunyesha watu hutapisha vyoo, wakijua mafuriko yatabeba kila kitu. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu anayetapisha na anayepokea wanaishi chini ya manispaa moja, hivyo angalau wanaweza kugombana mbele ya mtendaji mmoja. Swali langu: kwa nini Marekani wasijenge tu kizuizi cha zege mpakani, maji yabaki huko huko yalikotoka? Wameweza kujenga ukuta wa kuzuia watu.

Mwanzisha uzi

Mkuu, umeuliza swali ambalo hata madiwani wa huku wameulizwa mara nyingi. Mto ukiuzuia kwa ukuta siku ya mvua, maji hayatakaa yakingoje. Yatazamisha katikati ya Tijuana, ambako mfereji wa zege ulijengwa kwa ajili ya kuyapitisha maji haraka, kisha yatapita pembeni na kuingia San Ysidro. Isitoshe, mdomo wa mto huu ni moja ya sehemu chache za vinamasi vya chumvi zilizobaki kusini mwa California, na tangu 1982 ni hifadhi ya kitaifa ya utafiti. Ndege wanaohama husimama hapo kupumzika. Kuikatia hifadhi hiyo maji ya mvua na mchanga wake ni kuiua kwa njia nyingine.

Kilicho na mantiki zaidi ni kuyakinga maji ya kiangazi, maana ndiyo machache na ndiyo machafu kupindukia, na kuyaelekeza kwenye mitambo. Upande wa Marekani, mdomoni mwa makorongo matano yanayovuka mpaka, kuna vikingio vidogo vinavyofanya kazi hiyo na kupeleka majitaka South Bay. Lakini vikingio hivyo huziba kwa mchanga na takataka, na vikiziba tunarudi pale pale pa matengenezo.

Kuhusu ukuta, nakuachia mwenyewe. Nitasema tu kwamba chini ya uzio huo kuna makalavati, na kalavati halina mlinzi.

Mchangiaji (Chula Vista)

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu marahaba. Mimi ni mama wa watoto wawili na nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, na wateja wangu wengine wako mitaa ya Nestor na Imperial Beach. Ndugu mwanzisha uzi ameeleza maji, lakini hajagusa hewa. Harufu ya mayai viza huingia ndani usiku wa manane, hasa siku ambazo hakuna upepo, na ikifika asubuhi mzee anaamka na kichwa kinachomuuma na macho yanayowasha. Tulikuwa tukifunga madirisha na kuweka taulo chini ya mlango. Mzee mmoja alikwenda kulalamika kwenye ofisi fulani akaambiwa kwamba harufu ni kero tu, haina madhara ya kiafya. Naomba mtaalamu anieleze, je, ni kweli harufu ni kero tu?

Mwanzisha uzi

Dada, asante kwa kulileta hili, na pole sana kwa wazee wako. Mimi si daktari, ila nimefuatilia kilichochapishwa, na jibu ni kwamba walichomwambia mzee hakikuwa sahihi.

Kuna mambo mawili hapa na tuyatenganishe. La kwanza ni matone ya bahari. Mawimbi yanapopasuka ufukweni hurusha angani matone madogo sana ambayo huelea na kusafiri na upepo hadi nchi kavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na mwanakemia Kimberly Prather, walichukua sampuli za hewa ya Imperial Beach mwaka 2019, na mwaka 2023 wakachapisha kwamba katika baadhi ya sampuli hadi asilimia 76 ya bakteria waliokuwa hewani walitokana na mto wenye majitaka. Utafiti huo haukusema kwamba bakteria wote hao wanaambukiza watu kwa njia ya hewa, na wenyewe waliweka wazi mpaka huo. Ulichoonyesha ni kwamba kukaa mbali na maji hakumkingi mtu na yaliyomo ndani ya maji.

La pili ni gesi. Majitaka yakikosa oksijeni, vijidudu vinavyoishi bila hewa hutengeneza gesi ya haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo harufu unayoisema. Septemba 2024 timu hiyo ilipima hewa karibu na mahali ambapo mto unapita ndani ya makalavati chini ya barabara ya Saturn. Maji yanapotoka kwenye makalavati hayo huanguka na kuchanganyika kwa nguvu, yakitoa povu, na gesi iliyokuwa imeyeyuka hupanda juu, sawa na soda iliyotikiswa. Kwa kawaida hewa ya mjini huwa na chini ya sehemu 1 ya gesi hiyo katika kila sehemu bilioni ya hewa, na kiwango cha jimbo la California ni sehemu 30 kwa wastani wa saa moja. Pale walipima vilele vilivyofika karibu 4,500. Matokeo yalichapishwa Agosti 2025. Usiku ndio mbaya zaidi kwa kuwa hewa baridi hutulia bondeni na upepo wa baharini hulala, kwa hiyo ulivyoona wewe na wazee wako ndivyo vyombo vilivyoandika.

Wilaya imekuwa ikigawa mashine za kusafisha hewa kwa kaya zilizo karibu, na ningewashauri wazee wako waulizie. Mashine haimalizi tatizo, ila mzee atalala.

Mchangiaji (Arusha)

Samahani, nitasema lisilopendwa. Naona mnawahurumia sana Wameksiko. Mkataba ni wa 1944, sasa ni zaidi ya miaka 80, na bado wanamwaga. Hivi kuna adhabu gani kwa nchi inayomwaga uchafu kwa jirani? Ingekuwa ni mtu binafsi angefikishwa mahakamani siku ile ile.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Arusha, hasira yako naielewa, lakini tazama nani ameshtakiwa. Mwaka 2018 mji wa Imperial Beach, jiji la Chula Vista na mamlaka ya bandari ya San Diego walikwenda mahakamani. Hawakuishtaki Meksiko, maana mahakama ya Marekani haina mkono wa kuifikia. Waliishtaki sehemu ya Marekani ya ile Tume ya Mipaka na Maji, kwa hoja kwamba maji yakishavuka mpaka na kuingia katika miundombinu yake, anayeyamwaga kwa mujibu wa sheria ya maji safi ya 1972 ni yeye. Kesi iliisha kwa maridhiano mwaka 2022. Jirani aliyeko juu hakuguswa, ila wananchi wa chini walimbana mlinzi wao wenyewe afanye kazi, na mimi naona walikuwa sahihi.

Halafu tusisahau kwamba wa kwanza kuumia ni Wameksiko. Majitaka ya Punta Bandera yalikuwa yakipita mbele ya Playas de Tijuana, ufukwe ambao familia za kule hujazana Jumapili, kabla hayajafika kwetu. Kuna shirika la wananchi pale Tijuana, Proyecto Fronterizo de Educación Ambiental, ambalo limekuwa likipima maji ya fukwe zao na kutangaza matokeo, wakati mwingine kinyume na yanayosemwa na wakubwa. Hao ndio wenzetu katika jambo hili, na magazeti ya huku hayawataji kwa kiasi wanachostahili.

Mwezi Februari 2017 lilitokea jambo linaloonyesha udhaifu wenyewe. Bomba kuu upande wa Tijuana lilikuwa likikarabatiwa, na majitaka yakaelekezwa mtoni kwa siku nyingi. Makadirio ya kwanza yalitaja hadi galoni milioni 143, na baadaye uchunguzi wa pamoja ukayashusha. Lakini watu wa Imperial Beach hawakuwa wakibishana juu ya galoni. Kilichowaudhi ni kwamba walinusa kabla ya kuarifiwa. Nchi mbili zenye tume ya pamoja, simu na barua pepe, na wa kwanza kujua alikuwa mkazi aliyefungua dirisha.

Mchangiaji (Mombasa)

Mwanzisha uzi, hongera. Nina maswali mawili, kaka. La kwanza: umetaja mto na umetaja Punta Bandera, sasa ni kipi hasa kinachofunga fukwe? La pili: huku kwetu Mto Umba unatoka Usambara, Tanzania, na unaingia baharini upande wa Kenya karibu na Vanga. Je, tuna kitu cha kujifunza kutoka huko, ama nyinyi wenyewe bado mnajifunza?

Mwanzisha uzi

Kaka, swali lako la kwanza ndilo zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, maana jibu lake hubadilika kwa majira.

Wakati wa masika ya huku, yaani kuanzia Novemba hadi Machi, mhusika ni mto. Mvua inabeba kila kitu, ulimi wa maji ya kahawia unaingia baharini, na mikondo ya pwani inautandaza kaskazini hadi Coronado. Wakati wa kiangazi mvua hakuna, lakini mawimbi makubwa hutoka kusini, kwenye dhoruba za upande wa pili wa ikweta, na hutembeza maji ya ufukweni kuelekea kaskazini. Wavuvi wa kwetu wangeelewa upesi, ingawa hili ni wimbi na si upepo wa kusi. Majira hayo mhusika mkubwa alikuwa Punta Bandera, kwa sababu uchafu ulimwagwa kwenye povu la ufukweni, si mbali baharini, hivyo uling'ang'ania pwani na kusafiri nayo kilomita kumi na zaidi. Wataalamu wa taasisi ya bahari ya Scripps waliuonyesha mwendo huo kwa mifano ya kompyuta mwaka 2021. Kinyume chake, bomba la South Bay linatoa maji yake mbali na kwenye kina cha karibu mita 30, na mara nyingi hayarudi ufukweni kirahisi.

Unaona basi kwa nini mtu anayesema "rekebisheni mto" au "rekebisheni mtambo" huwa ameshika mguu mmoja wa tembo. Ufukwe wa kusini mwa Imperial Beach ulifungwa Desemba 2021, na kufikia Septemba 2024 ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya siku 1,000 mfululizo. Kiangazi kikiisha mto unapokea kazi, na masika yakiisha Punta Bandera inapokea.

Sehemu ya ongezeko la mabango ya onyo, niseme kwa haki, ilitokana na kupima vizuri zaidi. Mwezi Mei 2022 wilaya ya San Diego ilianza kupima vinasaba vya bakteria wa kinyesi, ambapo jibu hupatikana siku hiyo hiyo, badala ya kuotesha bakteria maabara na kusubiri hadi kesho yake. Wenye hoteli walilalamika kwamba kipimo kinawafukuzia wageni. Mimi sioni kosa la kipimo.

Si waogeleaji wa starehe pekee walioathirika. Makomando wa jeshi la majini la Marekani hufanya mafunzo Coronado, na huwezi kumwambia mwanafunzi wa ukomando asiingie baharini. Ripoti ya mkaguzi wa wizara ya ulinzi iliyotolewa Februari 2025 ilihesabu wagonjwa 1,168 wa matatizo ya tumbo miongoni mwa wanafunzi hao kati ya 2019 na Mei 2023. Nitakuwa mkweli: nina hakika jambo hili liliongeza kasi Washington kuliko barua zote za akina mama wa Nestor.

Kuhusu Umba, sitaki kulinganisha kwa nguvu, kwa kuwa huko hakuna jiji la watu milioni 2 juu ya mpaka. Nchi zetu ziko ndani ya Mkataba wa Nairobi wa 1985 wa kulinda bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mwaka 2010 iliongezwa itifaki inayohusu uchafu unaotoka nchi kavu. Karatasi mnazo. Ninachoweza kuwapa kutoka huku ni kwamba Horohoro na Lunga Lunga zitakua, kama kila mji wa mpakani unavyokua, na ni rahisi kukubaliana nani atalipia pampu wakati mji una maduka arobaini kuliko wakati una viwanda mia nane.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mkuu, nimerudi. Tuambie basi, hali ikoje sasa? Na je, kuna siku utampeleka mtoto wako kuogelea hapo?

Mwanzisha uzi

Hali imesogea, na nitaieleza bila kuipamba.

Mwaka 2022 nchi hizi zilitia saini makubaliano namba 328, yenye miradi ya dola milioni 474, ambapo Marekani ilibeba milioni 330 na Meksiko milioni 144. Desemba 2024 Bunge la Marekani likaongeza dola milioni 250 kwa ajili ya South Bay. Meksiko ililikabidhi jeshi lake kazi ya kuujenga upya mtambo wa Punta Bandera kuanzia Januari 2024, na mtambo mpya wenye uwezo wa lita 800 kwa sekunde ulianza kazi mwaka uliofuata. Tarehe 24 Julai 2025, mkuu wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, Lee Zeldin, na waziri wa mazingira wa Meksiko, Alicia Bárcena, walitia saini hati ya maelewano mjini Mexico City. Humo Meksiko ilikubali kutoa dola milioni 93 zilizokuwa zimebaki katika ahadi zake, na maji yaliyosafishwa na mitambo ya Tijuana ya Arturo Herrera na La Morita, ambayo wakati huo yalikuwa yakitupwa mtoni, yapelekwe sehemu ya juu ya mto, nyuma ya bwawa la Rodríguez. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu linapunguza mzigo wa pampu za mpakani badala ya kuongeza pampu nyingine. Mwezi uliofuata uwezo wa South Bay ulipandishwa kutoka galoni milioni 25 hadi milioni 35 kwa siku, na lengo ni kufika milioni 50 ifikapo mwisho wa 2027.

Hati ya 2025 inataja kwa maneno gharama za uendeshaji na matengenezo, pamoja na ukuaji wa idadi ya watu wa Tijuana. Zamani mambo hayo yaliachwa kwenye hotuba. Mimi nitakachokitazama si sherehe ya kukata utepe. Nitatazama kama kuna fungu la kila mwaka la kununua vipuri, jenereta na mafuta yake, na mishahara ya mafundi wa zamu ya usiku pale PB-CILA, maana usiku ndio pampu huziba na usiku ndio maji hushuka.

Kuhusu mtoto: mamlaka za afya za huku hushauri mtu asiingie baharini kwa saa 72 baada ya mvua, na ushauri huo unafaa kwa fukwe za kawaida. Kwa Imperial Beach hautoshi. Kabla ya kutoka nyumbani natazama matokeo ya vipimo vya asubuhi, kisha natazama mawimbi yanatoka upande gani, kisha nawapakia watoto kwenye gari tunakwenda La Jolla, nusu saa kaskazini, na petroli nalipa mwenyewe.